Nani Huitwa Mwasisi: Maana na Asili ya Kitenzi cha Kiingereza “found”

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wafasiri na wahariri, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna Waingereza wanavyolitaja tendo la kuanzisha jambo, na kwa kuwa vitenzi vyao vya maana hiyo ni vingi, nimeona heri nishike kimoja nikichimbe hadi chini kuliko kuvigusa vyote juu juu. Kitenzi chenyewe ni “found”, kile kinachotumika mtu anapoasisi mji, shule, chama, dini au dola. Wengi wetu hukitafsiri kwa “anzisha” na kuendelea na kazi, wala hatulaumiwi, maana katika magazeti ya leo mara nyingi hakidai zaidi ya hapo. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake kitenzi hiki hakikushughulika sana na mwanzo. Kilishughulika na kitako, yaani kile kilicho chini kabisa na kinachobeba vyote vilivyo juu yake. Na kwa Waingereza wa zamani kitako hicho kilikuwa kitu cha kushikika, shamba au fedha, kilichotolewa na mtu mwenye jina. Hiyo ndiyo hoja nitakayoishikilia.

Tuanzie kwa Warumi. Katika Kilatini kulikuwa na neno “fundus”, lililomaanisha kitako cha chombo, au chini ya kitu chochote chenye kina. Kutokana nalo waliunda kitenzi “fundare”, kukitilia kitu chini yake, kukiwekea msingi. Kifaransa cha kale kilikirithi kitenzi hicho kwa umbo la “fonder”, na Waingereza wakakichukua kutoka kwa Wafaransa. Katika maandishi ya Kiingereza kinaonekana kuanzia mwishoni mwa karne ya 13. Wakati huo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 200 tangu William wa Normandy, kule Ufaransa, aiteke Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa pamoja na Kilatini ndizo zilizokuwa lugha za mahakama, za makabaila na za nyumba za watawa. Mtu aliyetaka kuacha ardhi kwa ajili ya watawa au maskini aliandikiwa hati kwa lugha hizo. Kwa hiyo kitenzi hiki hakikuingia Uingereza kwa njia ya soko au ya jikoni. Kiliingia kwa njia ya hati.

Jambo la kuvutia ni kwamba Waingereza walikuwa tayari na ndugu wa neno hilo nyumbani kwao bila kumtambua. Neno lao la kawaida la kitako, “bottom”, latoka katika mzizi uleule wa kale uliozaa “fundus” ya Kilatini, “Boden” ya Kijerumani, “pythmen” ya Kiyunani na “budhna” ya Kisanskriti. Mzizi huo ulianza kwa sauti ya “b” yenye pumzi, ambayo mwanzoni mwa maneno ya Kilatini iligeuka kuwa “f” na katika lugha za jamii ya Kijerumani ikabaki “b” tupu. Ndiyo sababu ndugu wa kiume kwa Kilatini ni “frater” na kwa Kiingereza ni “brother”, na kubeba kwa Kilatini ni “ferre” na kwa Kiingereza ni “bear”. Isitoshe, katika Kilatini sauti za “d” na “n” zilibadilishana nafasi katikati ya neno, ndiyo maana undugu huo haukuonekana kwa macho matupu hadi wataalamu walipozilinganisha lugha hizi kwa utaratibu.

Kabla ya Wanormandi, Waingereza walikuwa na kitenzi chao wenyewe cha kazi hiyo, “staþolian”, kilichotokana na “staþol”, yaani msingi au tegemeo. Kitenzi kilikufa, lakini nomino haikufa kabisa. Katika mashamba ya kusini mwa Uingereza bado yapo mawe yanayoitwa “staddle stones”: jiwe la chini limesimama kama nguzo fupi inayopungua unene kuelekea juu, na juu yake limelazwa jiwe la mviringo lililo bapa upande wa chini, mfano wa kofia ya uyoga. Ghala la nafaka liliketi juu ya safu za mawe hayo, na panya aliyepanda nguzo alikwama kwenye ukingo wa kofia asipate njia ya kupita. Mtu wa kwetu aliyekulia penye kihenge kilichoinuliwa juu ya miguu ya miti hahitaji maelezo zaidi. Siku hizi mawe hayo hununuliwa kwa ajili ya kupamba bustani. Mimi naona mgawanyo huo wasema mengi kuhusu Uingereza baada ya mwaka 1066: neno la wenyeji lilibaki chini ya ghala la mkulima, na neno la mgeni likachukua majengo ya mfalme na askofu.

Niongeze jambo moja kuhusu Warumi kabla sijawaacha. Tunapowasikia Waingereza wakisema kuwa Roma iliasisiwa mwaka 753 kabla ya Kristo, wanatumia mtoto wa “fundare” mahali ambapo Warumi wenyewe, walipoutaja mwaka huo, walisema “condere”. Kitenzi hicho kina maana ya kuweka pamoja, kuhifadhi ghalani, hata kuzika. Walihesabu miaka “ab urbe condita”, tangu mji kuwekwa. Hivyo usidhani kwamba kila palipo na “found” katika Kiingereza, nyuma yake pana msingi uliochimbwa katika Kilatini.

Sasa niingie kwenye kiini. Neno “fundus” halikuishia kwenye kitako. Katika sheria ya Kirumi lilikuwa pia jina la shamba, ardhi pamoja na majengo yaliyo juu yake, kwa kuwa ardhi ndiyo kitako cha utajiri wote. Kutoka huko ndiko Waingereza walikopata “fund”, fedha iliyotengwa kwa kazi maalumu, na “profound”, chenye kina kirefu. Mali na msingi vilikuwa jirani tangu zamani, na katika sheria ya Kiingereza vikawa kitu kimoja. Mwanasheria William Blackstone, katika juzuu ya kwanza ya ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza iliyotoka mwaka 1765, alieleza kuwa chuo au hospitali ya sadaka huasisiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kukipa chombo hicho uhai wa kisheria, na kwa maana hiyo mfalme ndiye mwasisi wa vyuo na hospitali zote, kwa sababu bila idhini yake hakuna chombo. Namna ya pili ni kukipa mali ya kukiendesha, na anayetoa mali hiyo ya kwanza ndiye anayehesabiwa na sheria kuwa mwasisi. Aliyebuni wazo hatajwi, wala aliyefundisha somo la kwanza, wala aliyezunguka akihimiza watu. Anatajwa aliyetoa.

Wasikilizaji wa pwani bila shaka wameshakumbuka wakfu, ambapo mtu huitoa shamba au nyumba katika miliki yake na kuifunga kwa ajili ya msikiti, madrasa au maskini, na sharti aliloliweka likafuatwa baada ya kufa kwake. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba anayejua wakfu ameshaelewa nusu ya kitenzi hiki.

Na kama ilivyo katika wakfu, mwasisi wa Kiingereza hakutoa mali akaondoka hivi hivi. Alibaki na haki ya kukagua chombo chake na kusuluhisha magomvi yake, yeye mwenyewe au kupitia warithi wake au mtu aliyemteua. Wako waliokwenda mbali zaidi wakaweka masharti kwamba jamaa zao wapewe nafasi kwanza. William wa Wykeham, askofu wa Winchester, aliasisi New College kule Oxford mwaka 1379 na shule ya Winchester mwaka 1382, na katika kanuni zake aliwatanguliza watu wa ukoo wake. Henry Chichele, askofu mkuu wa Canterbury, aliyeasisi chuo cha All Souls hukohuko Oxford mwaka 1438, aliwaachia jamaa zake upendeleo wa namna hiyohiyo, na karne tatu baadaye bado walijitokeza watu wenye nasaba zilizochorwa kwa uangalifu wakidai nafasi kwa damu ya mwasisi. Blackstone, aliyekuwa mwanachuo wa All Souls, alichapisha mwaka 1750 andiko la kupinga madai hayo, akisema kwamba umbali wa vizazi hatimaye huumaliza undugu. Upendeleo wenyewe ulikuja kufutwa na mageuzi ya karne ya 19.

Kwamba mali ndiyo kitako chenyewe, wala si pambo la sherehe, kunaonekana vizuri katika habari za shule ya Eton. Mfalme Henry VI aliiasisi shule hiyo mwaka 1440 akiwa bado kijana, akaipa ardhi ambayo sehemu yake ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa nyumba za watawa zilizokuwa chini ya abasia za Ufaransa. Henry alipong’olewa katika kiti cha enzi mwaka 1461, aliyemrithi, Edward IV, aliipokonya Eton sehemu kubwa ya mali na akataka kuiunganisha na kanisa la Mtakatifu George lililoko Windsor. Majengo yalikuwapo, walimu walikuwapo, hata kanuni zilikuwapo; ila ardhi ilipoondoka, shule nzima ilitikisika.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo penye sanamu moja ya Marekani, kwa sababu mjadala wake hauwezi kueleweka bila yale tuliyokwisha kuyasema. Katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Harvard kuna sanamu ya shaba ya kijana aliyeketi kitini, kazi ya mchongaji Daniel Chester French ya mwaka 1884, ambayo ncha ya kiatu chake imeng’aa kwa kuguswa na wageni. Maandishi yaliyo chini yake ni mafupi: John Harvard, mwasisi, 1638. Wanafunzi huiita sanamu ya uongo wa mara tatu. Kwanza, sura si ya John Harvard, kwani hakuna picha yake iliyosalia na mchongaji alimtumia mwanafunzi wa wakati wake. Pili, chuo hakikuanza mwaka 1638, bali kilianza mwaka 1636. Tatu, wasema, Harvard hakukiasisi; kilichokiasisi ni baraza la koloni la Massachusetts, ambalo tarehe 28 Oktoba 1636 lilipitisha azimio la kutoa pauni 400.

Uongo wa kwanza na wa pili nakubaliana nao. Wa tatu unategemea kabisa unachokiita kuasisi. John Harvard alikuwa mhubiri kijana aliyefariki kwa kifua kikuu mwezi Septemba 1638, akakiachia chuo nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake vipatavyo 400. Anayesema kuasisi ni kuanza, atampa baraza ushindi, na kwa kipimo cha Blackstone pia baraza lina hoja nzuri, maana ahadi yake ya fedha ilitangulia. Hata hivyo, waliokipa chuo jina la Harvard mwaka 1639 walikuwa watu wa karne ya 17 waliozoea kuona jina la mtoaji mkubwa likikaa juu ya mlango, na kwao heshima hiyo haikuwa uongo hata kidogo. Sanamu inasema kwa lugha ya zamani, wanaoicheka wanaisoma kwa lugha ya leo. Vitabu vyenyewe viliteketea karibu vyote katika moto wa mwaka 1764.

Nigeukie sasa shida wanayoijua vizuri zaidi wafasiri na walimu, nayo ni kwamba Kiingereza kina “found” zaidi ya moja. Iliyo maarufu ni wakati uliopita wa “find”, kupata au kuona kilichopotea, neno la Kiingereza cha asili lisilo na undugu wowote na fundus. Mwanafunzi anayetaka kusema kuwa mtu fulani aliasisi shule lazima aandike “founded”. Akiandika “found”, ameandika kwamba alipata shule, na hakuna programu ya kukagua tahajia itakayomkamata, maana maneno yote mawili ni sahihi. Nahodha Thomas Coram alipata hati ya kifalme mwaka 1739 ya kuasisi mjini London hospitali ya kulelea watoto waliotelekezwa, nayo ikaitwa Foundling Hospital. Jina hilo hutazamwa na wengi kana kwamba latokana na kuasisi, kumbe ni watoto waliookotwa. Baadhi ya mama waliacha na mtoto kipande cha kitambaa au sarafu iliyokwaruzwa alama, ili siku moja waweze kumtambua wakirudi.

“Found” ya tatu ni ya wahunzi wa kusubu. Hii inatokana na “fundere”, kumimina, si “fundare”. Ni herufi moja tu inayotofautisha, na Kifaransa kikazisogeza karibu zaidi, “fonder” na “fondre”. Anayeyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu huitwa “founder”, na karakana yake ni “foundry”. London ina chama cha kale cha wasubu wa shaba kilichokuwa na kanuni zake tangu mwaka 1365, kiitwacho Company of Founders. Nawasihi msije mkakiita Kampuni ya Waasisi. Tena mambo haya mawili yalikutana mahali pamoja kwa namna ya kuchekesha: tamko la uhuru wa Marekani, ambalo walilitia saini watu wanaoitwa leo waasisi wa taifa hilo, lilipigwa chapa usiku wa tarehe 4 Julai 1776 na John Dunlap wa Philadelphia kwa herufi za mtindo wa William Caslon, msubu wa herufi wa London. Na kengele ya mji huohuo, iliyokuja kuitwa kengele ya uhuru, ilisubiwa Whitechapel, London, mwaka 1752, ikapasuka ilipojaribiwa mara ya kwanza, ikabidi isubiwe upya palepale Philadelphia.

Liko na la nne, “to founder”, ambalo hutumika kwa meli inayozama, na hili ni la ukoo wa fundus kweli: meli imekwenda chini, imefika kitakoni. Kwa hiyo “founder” nomino ni anayeweka chini ili kitu kisimame, na “founder” kitenzi ni kwenda chini kusikorudi. Sijui lugha nyingi zenye ukatili wa namna hiyo.

Mtauliza, je, “establish” si kitu kilekile? Si kilekile. Hicho chatoka katika “stabilis”, chenye kusimama imara, na mzizi wake ni “stare”, kusimama. Kimoja hutazama kilicho chini, kingine hutazama kilicho juu kisianguke. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea imeipata tofauti hii vizuri katika Mithali 3:19, ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia “found” kwa ajili ya nchi na “establish” kwa ajili ya mbingu: Kiswahili chasema Bwana aliiweka misingi ya nchi na kuzifanya mbingu imara. Wala watafsiri wetu hawakulazimika kujua Kilatini, kwa kuwa walikuwa wakimfuata Mwebrania, naye ametumia vitenzi viwili.

Wamarekani wa mwanzo nao walikuwa waangalifu. Tamko la mwaka 1776 linasema watu wana haki ya kuunda serikali mpya na kuiwekea msingi wake juu ya kanuni watakazoziona zinafaa. Katiba yao ya mwaka 1787 inatumia “establish”. Rais Abraham Lincoln, katika hotuba yake pale Gettysburg mwaka 1863, aliacha msingi na nguzo, akasema kwa lugha ya mimba na uzazi. Usemi “Founding Fathers”, ambao leo unasikika kana kwamba umekuwapo tangu enzi za George Washington, ulipata umaarufu wake kwa Warren Harding, seneta wa Ohio, aliyeutumia katika hotuba ya mkutano mkuu wa chama cha Republican uliofanyika Chicago mwaka 1916, kisha akaurudia alipoapishwa kuwa rais mwaka 1921. Hao waasisi walikuwa wamekufa zamani. Na hapo maana ya mtoaji wa mali imekwisha kutoweka kabisa, imebaki heshima.

Kwa upande wa teknolojia mambo yamepinduka zaidi. Siku hizi “founder” ni kijana mwenye wazo anayewaomba wengine fedha, na anayetoa fedha huitwa mwekezaji. Blackstone alisema juu ya vyombo vya sadaka, si juu ya biashara, kwa hiyo hatuwezi kumwita mahakamani. Lakini nadhani angeshangaa kuona jina limemhama mwenye mfuko likamfuata mwenye shida ya mfuko.

Kiswahili chetu, kwa bahati njema, kina njia mbili tayari. “Asisi” imetoka katika Kiarabu, katika kitenzi cha kuweka msingi, ndugu wa “asasi” na “taasisi”, na imelingana na “fundare” karibu kabisa. “Anzisha” husema mwanzo basi. Watumiaji wa lugha wameshazigawa kazi bila kuagizwa na mtu: husikii mwasisi wa duka la simu, bali mwanzilishi, ilhali Mwalimu Nyerere na Mzee Karume ni waasisi wa Muungano wa mwaka 1964. Tusiivuruge tofauti hii kwa kutafuta neno zito kila mahali. Mfasiri akikuta “founder” katika wasifu wa mfanyabiashara wa leo, aandike mwanzilishi. Akilikuta katika habari za karakana, aulize kwanza kama kuna shaba inayomiminwa. Na akilikuta katika hati ya chuo cha karne ya 15, atazame ni nani aliyetoa shamba.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali.